Uso wa Kupigia Fidla

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku kumi na tatu. Nafasi moja tu kwenye okestra, na mkurugenzi wao mwenyewe atakuja kunisikiliza siku ya onyesho langu. Nikiikosa hii, narudi kufundisha watoto wasiotaka kufundishwa. Mwaka wa tisa!

Leo Mwalimu kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa. Eti vidole havina neno. Tatizo ni mimi! Nasimama kama mtu anayesubiri lifti. Jukwaa linataka uso, anasema, watu husikiliza kwa macho. Kumbe miaka yote hii nahangaika na vidole, ningehangaika na nyusi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya uso mbele ya kioo cha kabati. Nyusi juu — huzuni. Kufumba macho — mapenzi. Kuyumba kushoto — sijui, labda tumbo linaniuma.

Jirani wa ukuta wa pili ni nesi wa zamu ya usiku, mchana analala. Kwa hiyo bado nabana kile kiraba cha kupunguza sauti juu ya nyuzi, fidla inalia kama mbu. Wiki ya tano sasa. Masikio yameshazoea, nikikitoa najiona napiga kelele.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi kaja na gauni, fundi cherehani wangu wa bure. Mikono mipana, maana Mwalimu anataka kitu kinachopepea. Nikamwonyesha uso wa huzuni. Alicheka nusura ameze pini! Akauliza ni jino gani. Halafu: kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Rahisi kwake kusema. Gauni halifanyiwi mtihani na mkurugenzi.

Jumamosi, 15 Machi

Sili. Silali. Nyusi zinauma.

Jumapili, 16 Machi — mapumziko, chumba cha kuvalia

Dakika kumi na tano tu, naandika mbiombio.

Saa tisa kamili nilipanda. Nikainama, nikapanga nyusi. Kaka wa piano akaanza, nikaingia. Nikafumba macho, nikayumba, mikono ikapepea. Ukurasa mzima najisifu moyoni! Nikafumbua jicho moja: Mwalimu, mstari wa mbele, anajibana pua, anaachia, anajibana tena. Nikadhani mafua. Ndipo Shangazi kutoka nyuma kabisa, kwa sauti yake ya kuitia wateja: mbona hatusikii?

Mama yangu! Kiraba! Kumbe ndicho Mwalimu alichokuwa akinionyesha kwa pua. Nilipasha vidole moto nacho humu humu chumbani, nikapanda nacho.

Ukumbi mzima kicheko. Piano ilikuwa na mistari michache peke yake, nikakichomoa. Gauni halina mfuko. Nikakiweka juu ya piano, kikabingirika, kikamwangukia Kaka mapajani. Akacheka huku anapiga. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nikaingia tena — sauti ikatoka kubwa mpaka nikashtuka. Nyusi sikuzikumbuka. Upinde ukanasa kwenye mkono wa gauni, kitambaa kikachanika chwaa! Nikaendelea tu. Raha niliyoisikia, sijui niiandikeje.

Sasa Mwalimu kaingia, jasho linamtoka. Mkurugenzi hakuandika chochote, kalamu iko mezani tangu mwanzo. Ameomba jambo moja: kipindi cha pili nianze kwa kurudia kipande kile kile, chote. Mwalimu anasema hii ndiyo nafasi yenyewe, sasa uso, mwanangu, uso! Kaniwashia taa za kioo.

Shangazi naye yupo, anashona mkono wa gauni nami nikiwa ndani yake. Anasema nitulie asinichome, na mtu gani anaandika wakati kama huu. Bila kumuuliza mtu, katundika shali lake juu ya kioo. Mwalimu kalitoa. Yeye kalirudisha, na sindano mdomoni.

Naogopa, jamani. Kuliko mwanzo. Ile mara ya kwanza ningesingizia kiraba, sasa sina cha kusingizia.

Kengele ya kwanza. Mwalimu kashika tena ncha ya shali, ananitazama, anangoja niseme. Shangazi kakata uzi kwa meno.

Nimemwambia Mwalimu aliache hapo hapo.