Maji Yaliyopoa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni 1996

Darasani Tudor tena. Ukumbi ule ule, feni ile ile inayozunguka kwa uvivu. Somo la leo: kunyamaza. Bi Salome, mwalimu wetu wa unasihi wa familia, ametoka bara na hana haraka na lolote. Ati familia ikinyamaza, mnasihi ahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kabla hajafungua mdomo. Mimi nimefika saba nikasema. Darasa zima likacheka. Nilipomweleza mume wangu, akasema ishirini yangu nitaifikia Idi ijayo. Mjinga huyu. Nampenda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepewa familia ya kufanyia mazoezi. Mji wa Kale, huku huku kwetu. Zuhura amepewa talaka ya kwanza, anakaa eda kwa mamake, Bi Khadija. Mumewe, Abdalla, ni fundi wa mitambo bandarini. Eda imebaki siku kumi na sita. Zikipita hajamrejea mkewe, basi tena. Tiketi ya kwenda kufanya kazi Jeddah anayo mfukoni. Zuhura bado anamtaka. Amenambia waziwazi, akiwa anakuna nazi. Lakini sababu ya talaka hakuna anayeitaja. Nimeuliza mara tatu. Kheri tu, alhamdulillahi. Kheri gani hii, jamani?

Jumamosi, 8 Juni

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Daftari la darasani lasema: viti duara, watu watazamane usoni. Nikavipanga ukumbini kwa kina Zuhura. Nikamkalisha Abdalla goti kwa goti na Bi Khadija. Mkwe na mkwe! Mimi, mtoto wa mji huu, niliyemwona baba yangu miaka nenda miaka rudi akigeukia ukuta bibi mzaa mama akipita. Bi Khadija akavuta buibui mpaka usoni. Abdalla akalikodolea macho zulia, jasho likamtoka, akainuka akasema ana zamu. Hana zamu yoyote. Zuhura akanitazama. Mumewe nimemfukuza mimi.

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumanne, 11 Juni

Bi Salome hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu: kwenu wakwe huzungumza vipi? Kwa pazia, nikamwambia kwa hasira. Pazia la mlango. Akaliandika kwenye daftari lake, yeye mwalimu.

Nikalala mchana. Nikaota pazia la kijani likivimba na kunywea, linapumua, na nyuma yake bibi anamwita baba kwa jina la utotoni. Nimeamka na harufu ya udi puani. Hakuna aliyefukiza. Nimemtumia Abdalla salamu za kumwomba radhi.

Jumamosi, 15 Juni

Amekuja.

Yeye na Zuhura ukumbini. Bi Khadija chumbani, nyuma ya pazia la mlango, la kijani. Mimi mkekani, mdomo nimeufunga. Jua likapita kwenye nakshi za dirisha, likachora maua sakafuni, maua yakahama polepole. Pazia likaja, likarudi. Nikahesabu. Kumi na tisa. Ishirini. Nikaanza upya. Sijui mara ngapi. Nilikuwa kama niliyezama, sauti za nje zote ziko mbali.

Kisha Abdalla, akiliambia zulia: "Hamkunisubiri."

Akaendelea kidogo kidogo, ndipo nilipojua. Mwaka jana Zuhura alijifungua, mtoto akaishi siku moja. Abdalla alikuwa Lamu, kazini. Kurudi, mwanawe keshazikwa. Uso wake hakuuona. Hakusema neno, mwaka mzima, mpaka siku ya talaka.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Nikauma ulimi.

Pazia likatulia. "Nilikusubiri, mwanangu," akasema Bi Khadija. "Walitaka kumtoa adhuhuri wakamzike, nikakataa. Maji ya kumwosha yakapoa, nikayapasha. Yakapoa tena, nikayapasha. Laasiri hawakunisikiza. Alikuwa na pua yako."

Abdalla akalia, mtu mzima, kwa sauti. Zuhura akamsogelea. Nami nikahesabu, machozi yananitoka, tarakimu zikanipotea.

Jumatano, 19 Juni

Siku tatu zimebaki. Hakuna habari. Bi Salome asema kazi yangu si kuwarudisha, ni kuwafanya wasemezane. Maneno mazuri. Nayachukia. Nimeunguza mchuzi wa papa. Mume wangu akauliza kulikoni, redio imekwisha betri? Nikakwangua sufuria. Akaja akaketi karibu nami, akanyamaza naye. Kumbe somo hili analijua.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya mwisho ya eda. Nimepita kwa Bi Khadija baada ya alasiri, najidai nakwenda kununua tangawizi. Uchochoro mtulivu, paka wamelala vizingitini. Pazia la kijani limefuliwa, limeanikwa juu, linadondosha maji. Mlangoni pana makubadhi ya kiume, kisigino cha kushoto kimeliwa.

Nikasimama. Ndani, sauti ya Bi Khadija: "Zuhura! Mwambie mumeo maji ya kuoga yashapata moto. Asiyaache yakapoa."

Sikubisha hodi. Nikanunua tangawizi, nikarudi nyumbani.