Jiko Ndani ya Gari

Mjukuu wangu Zainabu,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Masasi. Sisi wazima. Mama yako mdogo Rehema ameota jino, anamng'ata kila anayembeba. Cheka tu kuwa bibi yako bado ananyonyesha, ndivyo ukoo wetu ulivyo.

Umeuliza, mkija na hilo gari la kulala lenye jiko ndani, mpike humohumo au mle nje? Mwaka nilioolewa, babu yako aliazimwa gari kama hilo na bosi wake, tukapanda Newala kutembea. Mimi roho yote ilikuwa kwenye ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha. Babu yako akakataa.

"Tuna jiko, tukale barabarani kama watu wasio na kwao?"

Akaegesha karibu na soko, akafunga mlango, akabandika wali. Punde tukagongewa. Akafungua na shati lake jeupe, mwiko mkononi. Nje kuna foleni ya kina mama na watoto mgongoni.

"Shikamoo daktari. Huyu wangu anakohoa."

"Mimi si daktari, mama. Napika."

"Basi pika, tunasubiri."

Gari jeupe lenye kitanda, wao walijua ni ile kliniki inayotembea vijijini. Mpaka amewaeleza wote, wali umeungua. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatufunulia beseni lake. Ming'oko. Babu yako alikula, pilipili yake ikimtoa machozi, akaongeza. Jioni wale wale kina mama wakatupeleka kutazama Shimo la Mungu, lile bonde kubwa ukingoni mwa mji. Wali ungeiva, nisingewajua.

Njooni na gari, mwanangu, ila jiko lipumzike. Na mkisikia babu yako anaitwa Daktari pale sokoni Newala, msishangae. Siku hizi anaitika.

Bibi yako mdogo,
Mama Rehema