Kola ya Shati la Mwingereza

Alhamisi, mwezi wa saba, 2017
La Rochelle, Johannesburg

Leo asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Nilipochukua mkasi wangu, chuma chake kiliniuma vidole. Jua lilitoka baadaye, lakini jua la huku mwezi wa saba ni la kutazama tu. Halimpashi mtu joto.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimerudi, nimeoga, nimejifunika mablanketi mawili. Nataka kuandika kabla mambo hayajachuja.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi ni fundi cherehani, mwenyeji wa Tanga, na wiki tatu hizi nimeiacha meza yangu ya Jeppestown ili nishone nguo za filamu. Filamu yenyewe ni ya Uingereza ya zamani. Waigizaji wakuu ni Wazungu waliokuja kwa ndege kutoka London. Barabara moja ya Jeppestown, yenye majengo ya matofali mekundu, imegeuzwa mtaa wa Kiingereza. Wametundika mabango, wameweka sanduku jekundu la posta, na kila asubuhi gari la maji linalowesha lami ionekane imenyeshewa. Sisi hatujaona tone la mvua tangu mwezi wa nne.

Mwongozaji ni Mkorea.

Jina lake Bwana Seok. Ni mtu mfupi, mwenye mvi, na koti lake la kijani halibadiliki. Kiingereza chake ni kidogo, basi kila anachosema kinapitia kwa mkalimani wake, binti anayeitwa Yuna.

Nikiri jambo hapa. Wiki ya kwanza, wakati wa chakula, nilicheka pamoja na wenzangu. Tulisema Mkorea atajulia wapi Mwingereza anavyokunywa chai yake. Nilicheka mimi, Mwislamu wa Tanga ninayewashonea Wakongo sare za kwaya na magauni ya ubatizo, wala sijawahi kukaa ndani ya kanisa lao hata siku moja. Na hakuna aliyewahi kunirudishia gauni.

Sikuliona hilo mpaka leo.

Habari yenyewe ni hivi. Katika filamu kuna mzee amefariki, na mwanawe, mtu mzima, anarudi nyumbani kupanga nguo za marehemu. Anayeigiza mwana huyo ni Bwana Gerald, mtu wa miaka sitini, maarufu kwao. Kwenye maandishi alipewa maneno mengi ya kumlilia baba yake. Jumatatu Bwana Seok aliyafuta yote. Alitaka mtu akunje mashati, basi.

Bwana Gerald hakukubali. Alisema kwa adabu, ila mbele ya watu wote, kwamba yeye ndiye Mwingereza, anajua Waingereza wanavyoomboleza, na kwamba bila maneno watazamaji wataona mzee anakunja nguo tu. Yuna alitafsiri kwa sauti ya chini. Bwana Seok aliinamisha kichwa, akasema atafikiri.

Toka hapo minong'ono ikaanza. Wenye filamu walikuwa wanapiga simu. Ikasemwa kwamba tukio hilo lisipopatikana wiki hii, Mkorea ataondolewa na Mzungu ataletwa amalizie.

Jana mchana alikuja kwenye lori letu la mavazi, yeye na Yuna. Elna, mkuu wetu, mama wa Kizungu wa hapahapa, alikuwa ametoka. Bwana Seok alishika shati moja la marehemu, akapitisha kidole kwenye kola, akauliza kama naweza kuigeuza.

Nilielewa kabla Yuna hajamaliza. Zamani kola ikichakaa pale inaposuguana na shingo, shati hulitupi. Unaifumua kola, unaipindua ili upande uliokwisha ukae chini, unaishona tena. Baba yangu alikuwa na mashati mawili ya kazi, na mama aliyageuza yote mawili. Ndiye aliyenifunza. Yuna akanieleza kwamba mama yake Bwana Seok naye aliyageuza ya mumewe, miaka ya baada ya vita vyao.

Elna aliporudi nilimweleza. Akasema hapana. Mashati ni ya kukodi, na kamera haitaona kitu kama hicho. Niyapige pasi, niyaache.

Niliyapiga pasi. Lakini jioni, shati moja lilikuwa mkobani mwangu.

Nilifika nalo nyumbani nimeukumbatia mkoba kama mwizi. Jikoni alikuwepo Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu tunayepanga naye nyumba moja. Nikamwambia kwamba naogopa kufukuzwa. Hakuacha hata kumenya viazi vyake.

"Fanya tu, dada," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Bakikufukuza, utakuya kwangu ku saluni, tutasuka bote."

Basi nikasugua kola kwa msasa mpaka uzi ukatoka, ionekane imechakaa, nikaifumua, nikaipindua, nikaishona kwa mkono kama alivyoshona mama, kwa mishono midogomidogo. Chakula kilipoiva nilikuwa nimemaliza.

Leo walirekodi kwenye chumba cha ghorofani. Watu wengi walitolewa nje. Mimi nilibaki nyuma ya mlango kwa ajili ya mashati, na Elna kando yangu. Bwana Seok hakumkataza Bwana Gerald chochote. Alimwambia, kupitia kwa Yuna, kwamba maneno yakimjia ayaseme.

Bwana Gerald akaanza. Shati la kwanza alilikunja huku akiongea. La pili vilevile. Maneno yalikuwa mazuri, na sauti yake ni nzuri, lakini mimi sikuhisi kitu.

La tatu lilikuwa langu, nililolirudisha asubuhi katikati ya mengine. Aliinua kola ili ailaze, akasita. Akaigeuza. Akaona upande wa chini ulivyolika, akapitisha dole gumba kwenye mshono wangu, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Alifungua mdomo, akaufumba. Akafunga kifungo cha juu, akalikunja shati lile polepole, na badala ya kuliweka na mengine akalipakata.

Hakusema neno.

Hakuna aliyesimamisha kamera. Yuna alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

Ilipokwisha, Bwana Gerald aliuliza ni nani aliyefanya kazi ile. Elna alinitazama. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akanijia na shati mkononi.

"Mama yangu alikuwa akifanya hivi," akaniambia. "Nilikuwa naona aibu shuleni. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Kisha akamwendea Bwana Seok. Waliongea dirishani kwa muda, bila Yuna, kwa lugha gani sijui. Nilimwona Bwana Gerald akigusa kola ya lile koti la kijani, na wote wawili wakacheka. Baadaye Bwana Seok aliponipita aliniinamia. Nikaweka mkono kifuani.

Elna aliniita kwenye lori. Nikasema kweli yote, kwamba nililichukua shati bila ruhusa. Alikuwa ameshalikagua mshono kwa mshono.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia jana, mama."

Alilikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ni kweli," akasema. "Kesho wanarekodi upande wa pili wa chumba. Njoo mapema. Yamebaki saba, na mimi sijui yanageuzwaje. Utanionyesha."

Filamu itakuwaje, sijui. Bwana Seok yupo bado, na minong'ono leo mchana haikusikika. Ila njiani, teksi iliposimama kwenye robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, nilijiuliza: ni mara ngapi nimejua kitu, nikaambiwa kiache, nikapiga pasi na kunyamaza?

Kwa hiyo kesho nina la kumwambia Elna, hata asiponiuliza. Mkanda wa suruali ya marehemu una matundu yake ya dukani tu, na marehemu kwenye hadithi aliugua mwaka mzima. Mtu akiugua hivyo hukonda, na hujitobolea tundu jingine kwa msumari, ndani zaidi, kisha jingine.

Najua. Wa baba ulikuwa na matatu.