Pembe ya Bibi ya Kusikilizia

Zeina mwanangu, umsomee na mama yako. Usiucheke mwandiko, mwalimu wa darasa la jioni ameusifu.

Nimewahi bandarini kupokea mzigo wa tende, nitarudi adhuhuri. Uji wa Bibi uko jikoni. Pembe yake ioshe wewe mwenyewe. Chomoa mrija wa mpira unaoingia sikioni, upitishe ndani yake maji ya vuguvugu na sabuni. Halafu ziba ncha moja, uuzamishe kwenye beseni na upulize. Mapovu yakitoka pembeni una tundu, lizibe kwa nta. Uanike kivulini, mbali na jiko.

Alfajiri nilimsomea Bibi dua kwenye pembe kama kila siku, naye akawa anaitikia Amina. Katikati kikohozi kikanibana, nikaziba mdomo, nikanyamaza. Bibi akaendelea: Amina, Amina. Kisha akatabasamu, "Leo sauti yako imetulia, mwanangu."

Namwomba Mungu iwe ni uchafu wa mpira tu, yasiwe masikio yake. Msimtie mafuta sikioni.

~~Msimjaribu mpaka nirudi.~~ Hapana, mjaribu wewe, mimi naogopa. Simama nyuma yake asione midomo yako, umuulize kwenye pembe jina la mama yake.

Akilitaja, mketishe barazani nimwone nikitokea kona ya sokoni. Asipolitaja, mwache ndani, usimwambie kitu. Nitaiona baraza tupu, nami nitasimama pale kwanza niombe kabla ya kuingia.

Baba yako