Pambano Langu na Malina

Jumatano, 8 Januari
Wameniita tena! Tamasha la mavuno, Lohagara, Jumapili mchana, pambano la mashairi. Wangemwita nani mwingine? Jukwaa lile sijawahi kushindwa. Nimeimba Dhaka, nimeimba Kolkata, na darasa la nne lenyewe sikulimaliza. Wenye digrii hukaa mkekani, mimi nimesimama!
Mpinzani ni Malina. Mwanamke! Mke wangu kasema afadhali, safari hii nikachapwe na mwingine, yeye amechoka.

Ijumaa, 10 Januari
Haradhan, mpiga ngoma wangu, alikwenda kumsikiliza Malina. Karudi mnyonge. Eti beti zinamtoka kama bisi kikaangoni, watu wakasahau pitha zao za unga wa mchele mpaka zikapoa. Nikacheka. Kumbe nina furaha! Nimechoka kupigana na vibogoyo.

Jumamosi, 11 Januari
Hakuna mazoezi. Upande wa kutetea unapewa jukwaani, palepale — ndiyo utamu wake. Nimekunywa tangawizi. Nimepaka masharubu rangi. Basi.

Jumapili, 12 Januari
Naandika nyuma ya jukwaa, Malina yuko juu anaimba. Watu wamejaa mpaka kwenye mapaa! Kamati imetugawia pande: yeye mama, mimi mwana aliyekwenda ng'ambo akasahau kwao. Raundi ya kwanza niliwavunja mbavu. Ya pili kanichapa — turubai lilitikisika kwa vifijo. Hata wazee mashabiki wangu wa mstari wa mbele walimshangilia, wasaliti wale! Imebaki moja, ndiyo ya kuamua.

Haradhan kaniinamia sikioni. Mwana wa Malina, Tapan, alikwenda Malaysia. Miaka sasa, hata simu hapigi.
"Mkubwa, muulize tu Tapan yuko wapi. Hapo Malina amekwisha."
Si haramu. Kuchimbuana ya nyumbani ndiyo mchezo wenyewe. Mimi kipara changu kimeimbwa wilaya nzima. Na ubeti umeshajipanga! Mistari minne, vina safi, wa mwisho kisu. Haki ya Mungu, sijawahi kutunga mzuri kama huu.

Nimechungulia. Malina anaimba habari za mama anayempakulia mwana wali kila jioni, sahani inapoa. Watu wanacheka, wanadhani ni mzaha. Yeye hacheki.

Kashuka sasa hivi. Kasimama mbele yangu, anajifuta jasho kwa ncha ya sari.
"Kaka, najua walichokunong'oneza," kasema polepole. "Imba tu. Ndiyo kazi yetu."
Lo! Si bora angenitukana!

Wanaita jina langu. Haradhan kaanza pigo la haraka, la kukatia shingo. Nimemzuia mkono. Nimemwambia anipigie lile la taratibu, la mwana anayerudi nyumbani.
Kanikodolea macho. Anasema kwa pigo hilo hakuna mtu aliyewahi kushinda, na kwamba nimepata homa.
Ubeti wa kisu bado uko ulimini, mtamu kama sukari guru. Wanaita tena. Haradhan kashika vijiti vyake, ananisubiri niseme pigo lipi —