Picha ya Kwetu Kabla ya Maji

Nesbygda,
Norwe.
9 Novemba 1978

Mpendwa mdogo wangu Ragnfrid,

Hujambo huko Kanada? Theluji imeshawafungia barabara? Na shemeji Harald, mguu umepona kweli, au bado anajifanya mzima mbele ya daktari? Sisi tunamshukuru Mungu. Magoti yangu yanalalamika, lakini hilo unalijua. Mama amevuka tisini na bado anaonja kahawa yangu na kuuliza ni nani aliyeipika.

Ile picha uliyomwagizia Mama ilifika. Nikuambie ukweli, nilipoona jina la duka nilinusa kitu. Wauza picha wanajua kwamba sisi tuliohamishwa kupisha bwawa tutanunua chochote chenye jina la bonde letu. Nani atazama ziwani kuhakikisha? Nikasema moyoni, mdogo wangu ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipoifungua nikaisogeza dirishani. Ni nakala ya mchoro iliyochapwa, rangi zimepauka kidogo pembeni, lakini kazi ni nzuri. Yule marehemu Tveitane, mchoraji aliyelala kwetu kiangazi kizima kabla ya vita akimaliza jibini letu, alijua kutazama. Maji ya mto yana ule ukijani wenye weupe wa maziwa. Nyasi zilizoanikwa ni nyeusi chini, pale umande ulipobaki. Nilikaa nayo mpaka viazi vikaungua.

Unajua Mama alivyoingoja. Hana picha nyingine ya kwetu, na mchoro wenyewe hakuuona tena tangu Tveitane aondoke nao haujakauka. Nilimpa mkononi. Akaitazama, akanirudishia.

"Hapa si kwetu," akasema. "Kanisa lilikuwa kushoto kwa mto. Hili liko kulia. Wamenidanganya tena."

Hiyo "tena" unaielewa, uliwasikia wale watu wa bwawa na ahadi zao. Akanitaka niigeuzie ukutani. Lakini kilichoniuma kilikuja kesho yake, aliponiuliza kwa sauti ndogo kama labda ni yeye aliyesahau. Mama huyu, Ragnfrid, aliyejua kila jiwe la uwanja ule. Tangu hapo akawa hali vizuri, na hazungumzii tena nyumbani, kana kwamba anaogopa kukosea.

Nikapiga simu dukani. Mwanamke akaniambia kila kitu kiko sawa kabla hata sijamaliza swali, na mtu wa namna hiyo mimi simwamini. Nikamshuku Tveitane kwamba alichanganya mabonde mawili. Hata wewe nilikushuku, kwamba ulichukua ya kwanza uliyoiona bila kuitazama.

Jirani yetu Eilif alikuja kunywa kahawa, akanicheka. "Wewe Gunnvor, hata jua likikuangazia utauliza linataka nini." Akaigeuza picha, akainamia wale watu wanaokata nyasi. "Lakini huu ni ukoo gani? Wote wa mkono wa shoto! Hata mmoja wa kulia hayumo."

Hapo nikashtuka. Kwetu nani alikata nyasi kwa shoto? Watu wakiwa kwenye mstari, wote huzungusha fyekeo kutoka kulia kwenda kushoto, la sivyo unamkata mwenzako muundi. Hata mjomba Knut, shoto wa kuzaliwa, Baba alimfundisha upya, na alinuna mwaka mzima. Tveitane aliwatazama kila siku, asingekosea hilo. Basi walioigeuza ni wachapaji, kulia ikawa kushoto.

Nikang'oa kioo cha kujitazamia cha ukumbini. Eilif akakishika mbele ya Mama, mimi nikaiinua picha nyuma ya bega lake. Kanisa likarudi kushoto. Mto ukarudi, na ghala, na njia ya kisimani.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Akautafuta mkono wangu bila kugeuka. Mimi nilikuwa nalia, sina haja ya kukuficha.

"Baba yenu ameacha lango wazi tena," akasema. "Nenda kalifunge, Gunnvor. Ndama watatoka."

Sijui kama alikuwa anatania. Wewe unanijua, hata utabiri wa hali ya hewa redioni siukubali mpaka nichungulie nje. Nikamjibu kwamba nimeshalifunga. Akaomba viazi, akala vyote.

Usiwaandikie wale wa dukani. Wakituma nyingine nitaanza kuishuku upya. Hii nimeitundika kando ya kitanda chake, na kioo mkabala nayo.

Nisalimie Harald na watoto, hasa Solveig, na umwambie soksi zinakuja. Eilif anawasalimu pia. Mungu awafunike huko kwenye baridi. Mama anakubusu, na anasema ukija kututembelea, ufunge lango nyuma yako.

Dada yako akupendaye,
Gunnvor