Sura Yenye Sikio Langu

Profesa wangu,

Hujambo huko? Hapa Kabati nyanya yako anakusalimu, na mbuzi wake amezaa mapacha.

Unauliza kama kweli huo mji wa koleji yenu unamaliza watu wenye akili. Sikia! Nikiwa kijana, tukiishi huko, mwalimu wa sayansi alikufa, kisha mpiga gita. Mchongaji wa huko alikuwa amechonga sura zao kwa mti kabla hata hawajaugua. Halafu akafa yeye. Kwake tukapata sura moja haijaisha, sikio limekatika kama langu!

Mama akalia, "Choma hiyo kitu, mwanangu!"

Kuchonga nilijifunza kwa kuchungulia dirisha lake tu. Nikashika patasi, nikaimalizia mwenyewe. Nikaiwekea makunyanzi mengi ya mzee, nikaitoa meno.

Leo tunafanana kabisa. Ungekuwa wewe, ungeichoma?

Babu yako